Watu Saba, Sauti ya Watu Kumi na Sita: Jinsi Jampu Bluzi Inavyopangwa

Jumamosi usiku, ukitoka Noonkopir, Kitengela, ukaifuata Barabara ya Namanga kuelekea Isinya, muziki wa kupigwa papo hapo unaousikia kwenye sehemu za nyama choma mara nyingi ni wa mtu mmoja: gitaa lake, kipaza sauti chake, na kinanda cha umeme kilichotegwa ngoma na besi. Sababu si uhaba wa wanamuziki Kajiado. Mwenye ukumbi anapiga hesabu ya chakula, usafiri na malipo, anaona fedha zinamtosha mtu mmoja, basi anamwita mmoja. Mtindo huo umepata mabingwa wake, na siudharau hata kidogo.

Ila upo muziki mwingine uliozaliwa na hesabu hiyohiyo, nao ukakataa kupunguza watu hadi akabaki mmoja. Ulisimama kwenye saba. Huo ni jampu bluzi, na ninaandika juu yake kwa sababu naamini bendi za huku kwetu zinaweza kujifunza kwake jinsi kikundi kidogo kinavyopangwa kikajaza ukumbi. Nitaingia ndani kidogo, hadi kwenye noti zenyewe, maana ndipo kazi ilipofanyika.

Kwanza hesabu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 bendi kubwa za swingi kule Marekani zilikuwa na watu 15, 16, wakati mwingine zaidi. Vita vikaja. Wapigaji wakaandikishwa jeshini, petroli na matairi vikaanza kutolewa kwa mgao, na mwaka 1944 serikali ikazitoza kumbi zenye dansi ushuru wa asilimia 30, ulioshushwa baadaye hadi 20. Kulisafirisha basi zima la wanamuziki kukawa hasara tupu. Louis Jordan, mpuliza saksafoni kutoka Brinkley, Arkansas, aliyepitia bendi ya Chick Webb, alikuwa ameshaunda kikundi kidogo Harlem tangu 1938. Kikaitwa Tympany Five, ingawa mara nyingi walizidi watano: tarumbeta, saksafoni ya alto, saksafoni ya tena, piano, gitaa, besi na ngoma. Mwaka 1946 rekodi yao ya “Choo Choo Ch'Boogie” ilikaa wiki 18 kileleni mwa chati ya muziki wa watu weusi Marekani. Bendi kubwa zilipokuwa zinafunga virago, hawa walikuwa wanajaza kumbi.

Walifanyaje?

Anza na mwendo. Gawa kila pigo katika vipande vitatu vilivyo sawa, kisha uache kile cha katikati kimya. Kinachobaki ni mwendo wa kuchechemea, mrefu na mfupi, mrefu na mfupi, ambao unamfanya hata aliyekaa atikise goti. Juu yake besi inatembea, noti moja kwa kila pigo, bila kusimama. Mpiga ngoma anakaza pigo la pili na la nne. Wimbo wenyewe unazunguka kwa vipimo 12: vinne kwenye kordi ya do, viwili kwenye fa, viwili kurudi do, kimoja kwenye so, kimoja kwenye fa, viwili vya kumalizia kwenye do. Hayo anaweza kujifunza mtu yeyote kwa mchana mmoja. Ufundi uko kwa wapulizaji.

Aliyeimba kwaya ya shule anaijua solfa, kwa hiyo nitaeleza kwa solfa. Kwaya ikipewa kordi ya do, itagawana do, mi na so. Ukiwapa wapulizaji watatu noti hizohizo utasikia watu watatu, basi. Mpangaji wa jampu anafanya vingine. Do anamwachia besi, ambaye anayo tayari. So anamwachia piano. Mwenye tena anampa mi ya chini, alto anampa la, tarumbeta anampa re ya juu. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sikio linajumlisha do ya besi, so ya piano na hizo tatu za juu, na linachosikia ni kordi ya sauti tano iliyotandazwa kutoka sakafuni hadi darini. Watatu tayari wamesikika kama sita.

Sasa tazama kinachotokea wimbo ukihamia kordi ya fa. Besi anakwenda fa. Alto anabaki kwenye la. Tarumbeta inabaki kwenye re. Mwenye tena peke yake anashuka nusu sauti, kutoka mi hadi mi iliyoshushwa. Mtu mmoja amesogea nusu hatua na kordi nzima imegeuka rangi, kwa sababu ile mi iliyoshushwa ndiyo sauti ya saba juu ya fa, na la ndiyo ya tatu yake. Kipimo cha 7, kordi ikirudi do, mwenye tena anarudi mi. Kwenye kipimo cha 9, besi akienda so, wote watatu wanapanda kwa pamoja, mwenye tena nusu sauti na wenzake hatua moja nzima: fa, ti, mi. Kipimo cha 10 wanashuka pamoja hatua moja nzima, hadi noti zao za kordi ya fa. Cha 11 mwenye tena anarudi kwenye mi yake. Ijaribu kwenye kinanda chochote, hata cha kanisani. Mkono unasogea kidogo sana, na kwa kuwa unasogea kidogo, wapulizaji hawahitaji karatasi. Wanaweza kuibuni jukwaani, wakaishika kwa kutazamana tu, na bado wakasikika kama watu walioandikiwa muziki na mtaalamu.

Lingine ni kunyamaza. Mwimbaji anachukua vipimo viwili, wapulizaji wanamjibu kwa viwili kwa kifungu kifupi cha noti nne au tano, kilekile kila mara. Kifungu hicho kinarudiwa mpaka wachezaji wanakijua kabla hakijaja. Mwisho wake lazima ukatwe kwa wakati mmoja, kwa ukali, wote watatu. Kuanza pamoja ni rahisi. Bendi iliyofanya mazoezi utaijua kwenye kukata.

Msomaji wa Kajiado hahitaji kufundishwa mpangilio huu kutoka Harlem. Katika wimbo wa Kimaasai olaranyani, kiongozi wa wimbo, anatupa mstari wa kuanzia, kundi linamjibu kwa sauti moja ya kukubali, kisha anaendelea juu huku wenzake wakishikilia mzunguko mzito wa kooni chini yake. Wimbo hauna ngoma wala gitaa, na hausikiki mtupu. Wakati wa adumu, morani anapoingia katikati na kuruka, waimbaji huweza kupandisha sauti zao kadiri anavyopaa. Yaani kundi linamsoma mchezaji na kubadilika naye. Jordan na wenzake walifanya hivyo kwa shaba: mchezaji akipamba moto, kifungu kilekile kinapandishwa juu mzunguko unaofuata, hakibadilishwi. Na chombo cha kupuliza kina nafasi yake hapa pia. Pembe ya tandala hupulizwa kuwaita morani kwenye sherehe ya eunoto.

Piano nitaieleza kwa kifupi, kwa kuwa kosa lake ni moja na linajulikana. Mpapasa kinanda akishajua bugi-wugi, mkono wake wa kushoto hautaki kupumzika, unabingirika kule chini usiku kucha. Kukiwa na besi inayotembea, vyombo viwili vinagombea eneo moja na matokeo ni tope. Mmoja lazima aondoke. Katika jampu nzuri anayeondoka ni mkono wa kushoto wa piano, isipokuwa kwenye utangulizi au pale wengine wote wanapokatizwa. Mkono wa kulia unapanda juu kabisa, noti tatutatu kwa kila pigo, na unajaza ule upenyo ulioko baina ya mwimbaji na wapulizaji. Wild Bill Davis, aliyekuwa mpiga piano na mpangaji wa Jordan katikati ya miaka ya 1940, alikuwa na adabu hiyo.

Sasa hamonika, chombo kilichonivuta kuandika makala hii.

Kwa haki yake hamonika haistahili kuwa humo. Ni kijisanduku chenye matundu 10 na vijiulimi 20 vya shaba, kinaingia mfuko wa shati, na tarumbeta moja inaweza kukizima kabisa. Kwenye rekodi za jampu za miaka ya 1940 huikuti karibu popote. Iliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa kijana wa Louisiana aliyehamia Chicago, Marion Walter Jacobs, ambaye dunia inamjua kama Little Walter. Alizisikiliza sana rekodi za Louis Jordan, akawa anazitafuta zile sentensi za saksafoni kwenye hamonika yake. Mei 1952 alirekodi “Juke”, wimbo usio na maneno, ukakaa wiki 8 kileleni mwa chati ileile. Ndani yake hamna tarumbeta wala saksafoni. Hamonika yenyewe imefanya kazi ya bendi nzima ya wapulizaji.

Mambo matatu yaliiwezesha. La kwanza ni kuvuta pumzi. Hamonika ya C ilitengenezwa ili upulize ndani yake upate kordi ya C. Wapigaji wa bluzi waliigeuza: waliipiga kwenye ufunguo wa G, wakawa wanavuta badala ya kupuliza. Ukivuta tundu la pili hadi la tano unapata do, mi, so na ti iliyoshushwa ya G, kordi nzima ya bluzi kwa pumzi moja. Vijiulimi vya kuvuta upande wa chini vinakubali pia kupindwa: mpigaji akibadili umbo la koo na ulimi wake, mi inateremka polepole hadi mi iliyoshushwa, na kupita katikati, mahali ambapo piano haina kitufe.

La pili ni ulimi. Mdomo unafunika matundu manne, ulimi unaziba yale mawili ya katikati, na hewa inapita pembeni tu. Zinatoka noti mbili zilizoachana kwa oktavu. Hiyo ndiyo inayomdanganya msikilizaji adhani kuna saksafoni mbili.

La tatu ni umeme. Little Walter alikumbatia hamonika na kipaza sauti pamoja ndani ya viganja, bila upenyo wa hewa, akakipeleka kwenye amplifaya ndogo ya valvu iliyofunguliwa hadi inapoanza kulemewa. Amplifaya ikilemewa inazibana sauti kali na kuzinenepesha zile nyembamba. Kelele ya bati inayeyuka, inakuja sauti yenye kifua.

Baada ya hapo swali la mpangaji likageuka. Hamonika imeshakuwa kama kundi la wapulizaji. Sasa unaiweka wapi ukiwa na wapulizaji wenyewe? Waliolishughulikia kwa bidii zaidi ni watu wa California. George “Harmonica” Smith, aliyewahi kupiga na Muddy Waters, alimlea William Clarke, na albamu za Clarke, Groove Time ya 1994 na The Hard Way ya 1996, ni darasa kamili la jambo hili. Kim Wilson na Rod Piazza walilima shamba hilohilo, Piazza akiwa na piano ya mkewe Honey pembeni yake.

Jibu lao, ninavyolisikia, ni kwamba hamonika ina kazi mbili na haifanyi zote mbili katika mzunguko mmoja. Ama ni mpuliza wa nne, inashika kifungu kilekile cha tarumbeta kwa oktavu na kujificha ndani yake, ama ni mwimbaji. Ikiwa mwimbaji, wapulizaji wanashuka chini, wanashika noti ndefu laini au wananyamaza kabisa, kwa sababu hamonika inaishi katikati, eneo la tarumbeta na alto, na wakibaki huko itazama. Nikisikiliza rekodi ambayo hamonika inasikika kama nzi ndani ya chupa, mara nyingi naona kosa ni la mpangaji, wala si la mpigaji.

Kuna faida moja ya hamonika ambayo wapangaji wengi hawaitumii. Wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni wanatoa sauti wakitoa pumzi tu, kwa hiyo kila baada ya muda lazima wote wakate kuvuta hewa. Hamonika inalia pumzi ikiingia na ikitoka. Iweke ishike noti pale hasa wenzake wanapovuta hewa, na ukuta wa sauti hauna ufa.

Halafu kuna suala la ufunguo, ambalo huvunja bendi nyingi kabla hazijaanza. Wapiga gitaa wetu wanapenda E na A, kwa sababu nyuzi zilizo wazi ziko hapo. Bendi ikipiga E, saksafoni ya tena inasoma F shapu yenye shapu sita, na alto inasoma C shapu yenye saba. Hapo mpulizaji mzuri anasikika kama mwanafunzi. Jampu inapigwa B flati, E flati, F. Kwenye B flati mwenye tena anasoma C, wa alto anasoma G, vidole vinapumua. Mwenye hamonika anafuata: kwa wimbo wa B flati anashika hamonika ya E flati, kwa F anashika ya B flati. Clarke, kwa kufuata njia ya Smith, alitumia sana hamonika ya kromatiki, ile kubwa yenye kitufe pembeni. Kromatiki ya C hupigwa bluzi kwenye D, ambayo wapulizaji hawaipendi. Lakini ukikibana kitufe ukakiacha kimebanwa, chombo kizima kinapanda nusu sauti, na D inakuwa E flati. Wapulizaji wako nyumbani na mwenye hamonika hajabadilisha chochote mdomoni.

Je, haya yaliwahi kufika kwetu? Yalifika, kwa njia ya kuzunguka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Fundi Konde, Mgiriama wa pwani, alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha King's African Rifles kilichotumbuiza askari hadi India na Burma, na rekodi alizozifanya baada ya vita chini ya Peter Colmore zina tarumbeta na klarineti zilizopangwa kwa sikio la swingi. Njia ya pili ilipita kusini. Rekodi za Marekani zilisikilizwa Johannesburg na Bulawayo, zikachanganyika na midundo ya huko. Mwaka 1947 August Musarurwa akarekodi “Skokiaan” kwa saksafoni, wimbo ambao Louis Armstrong mwenyewe aliurekodi mwaka 1954. Kutoka huko, kupitia mtindo wa kwela, mwendo ule ukafika Zambia, na Wazambia wawili, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma, wakauleta Nairobi. Kwenye studio ya Equator ya Charles Worrod, wakiwa na Fadhili William na Daudi Kabaka, ukawa twisti ya Kiafrika. Wimbo wa Kabaka, “Helule Helule”, ulipendwa kiasi kwamba The Tremeloes wa Uingereza waliurekodi na kuuingiza kwenye chati ya nchi yao mwaka 1968.

Sikiliza twisti hizo baada ya kumsikiliza Jordan. Besi ipo, mchechemeo upo, kifungu kifupi kinachojibu kipo. Ila gitaa ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya kazi ya tarumbeta na saksafoni, na kuanzia hapo muziki wetu wa mjini ukaelekea kwenye gitaa moja kwa moja, hadi benga. Waliobaki na shaba kwa ukaidi wa kupendeza ni jirani zetu wa Dar es Salaam. Bendi ya Mlimani Park, tangu 1978, iliyalinda matarumbeta yake yakiwajibu waimbaji, chini ya Michael Enoch aliyekuwa anajua vyombo karibu vyote vya bendi.

Wapulizaji nchini Kenya wapo. Jeshi la Wokovu, lililofika hapa mwaka 1921, limefundisha shaba kwa vizazi. Kuna bendi za polisi, za jeshi na za magereza. Kuna vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho, waliochangiwa na tamasha la Safaricom Jazz kuanzia 2014. Kitengela iko umbali wa matatu moja au mbili kutoka kwa wote hao, na kodi ya nyumba yake imeshawaleta wengi kuishi huku. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa kuwapanga.

Kwa atakayejaribu, huu ndio mpangilio ambao ningeanza nao, kwenye B flati, mizunguko minane ya vipimo 12. Wa kwanza, piano peke yake na mikono yote miwili. Wa pili, besi na ngoma vinaingia, mkono wa kushoto wa piano unatoka. Wa tatu na wa nne, mwimbaji, na wapulizaji wanamjibu kwa kifungu kimoja cha mi, la, re. Wa tano, hamonika ya E flati kwenye amplifaya, wapulizaji kimya kabisa. Wa sita, hamonika inaendelea, wapulizaji wanaingia chini yake kwa noti ndefu, laini. Wa saba, mwimbaji, hamonika ikijificha ndani ya kifungu cha tarumbeta kwa oktavu. Wa nane, kila mtu, kifungu kimepandishwa juu, na kwenye kipimo cha 11 bendi nzima inakata kwenye pigo la kwanza, inamwachia mpiga ngoma mapigo matatu, halafu kordi ya mwisho: tena mi, alto la, tarumbeta re, besi do. Rekodini katika chumba kimoja, wote kwa pamoja, tarumbeta ikiwa mbali zaidi na kipaza sauti na amplifaya ya hamonika ikigeuzwa ukutani.